Kilichotoka tumboni mwako si sumu

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nachoka ovyo, tumbo linajaa gesi na uso unatoka chunusi. Rafiki yangu ameniuzia programu ya siku 14 ya kutoa sumu mwilini: unga wa kukoroga na maji asubuhi na jioni, juisi ya majani mabichi badala ya chakula, na beseni la umeme la kuloweka miguu. Leo ni siku ya tano. Nimepungua kilo mbili, kichwa kinaniuma tangu siku ya pili, na jana chooni nimetoa vitu virefu kama kamba, vyeusi na vinavyoteleza. Maji ya beseni nayo yanageuka rangi ya kutu. Rafiki anasema hizo ndizo sumu zinatoka, nisikatishe. Je, ni kweli? Na kama si kweli, sumu hutokaje mwilini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. La haraka kwanza: acha huo unga leo, rudi kwenye mlo wako wa kawaida na unywe maji kadiri ya kiu. Mengine tuyachukue taratibu.

Tuanze na zile kamba, maana najua ndizo zilizokutisha. Unga wa namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa maganda ya mbegu yanayovimba yakipata maji, mara nyingi yakichanganywa na udongo laini. Usinisadiki mimi, jaribu mwenyewe. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, uache kwa nusu saa, kisha uinamishe glasi. Kitakachoteremka ni ute mzito unaoshikana. Ndani ya utumbo, ute huo hufuata umbo la njia unayopita, hubeba udongo na nyongo, na mwisho hutoka ukiwa mrefu, mweusi, unaoteleza. Wauzaji wanasema ni uchafu uliogandia utumbo kwa miaka mingi. Madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana kila siku hawaukuti uchafu huo, na wapasuaji wanaofungua matumbo hawaukuti pia. Hata kwa kufikiri tu haiwezekani: utando wa ndani wa utumbo hujivua na kujifanya upya kila baada ya siku chache, tatu hadi tano hivi. Kitu kitagandaje miaka kumi juu ya ukuta unaobanduka kila wiki? Ulichokiona chooni ni kile kile ulichokinunua, kimepita tu.

Ila nikutahadharishe. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya kuliko kawaida yako, kinaweza kuwa damu inayotoka tumboni au kwenye utumbo wa juu. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hapo damu haipo. Kama choo chako hakijarudi rangi yake siku mbili tatu baada ya kuacha unga, nenda hospitali. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usingoje hizo siku mbili.

Beseni nalo lina siri nyepesi. Ndani yake kuna vipande vya chuma vinavyopitisha umeme, na umeambiwa utie chumvi ili umeme upite vizuri. Chuma, maji ya chumvi na umeme hutoa kutu, na kutu ina rangi ya kutu. Liwashe bila kuweka miguu, rangi itatokea vile vile. Nyayo zina vinyweleo vya jasho, hilo kweli, lakini hakuna mfereji unaotoka kwenye ini lako ukaja kutokea kwenye unyayo.

Kilo mbili zimetoka, sibishi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika ndani ya siku moja au mbili na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ukirudi kula, yatarudi. Kichwa kuuma nako kuna maelezo ya kawaida: njaa, na kafeini. Kama ulikuwa mtu wa chai au kahawa na programu imekukataza, maumivu ya kichwa huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali siku ya pili, na yanaweza kudumu zaidi ya wiki. Hesabu siku zako uone kama hazilingani.

Hapa ndipo pananiudhi kidogo, na utanisamehe. Ukijisikia vizuri, wanasema dawa inafanya kazi. Ukijisikia vibaya, wanasema sumu zinatoka. Hakuna hali hata moja ambayo dawa hiyo ingeonekana imeshindwa. Muulize rafiki yako swali moja tu: sumu gani? Mtu akiletwa kwetu amekunywa dawa ya wadudu au amekula madini ya risasi yaliyo kwenye rangi, kazi ya kwanza ni kuijua sumu kwa jina, kisha kupima kiasi chake kila inapowezekana, kwa sababu matibabu ya moja huweza kuwa madhara kwa nyingine. Anayekuuzia dawa ya sumu asiyoweza kuitaja, hana pia namna ya kukuonyesha kwamba imepungua.

Wazo lenyewe ni la zamani, na ajabu ni kwamba madaktari ndio waliolishabikia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini kinyesi kikikaa tumboni hutoa sumu zinazoingia kwenye damu na kuleta uchovu, kichwa kuuma na uzee wa mapema. Daktari mpasuaji wa London, William Arbuthnot Lane, alifikia hatua ya kuwakata watu utumbo mpana kwa ajili ya kufunga choo. Mwaka 1919 Mmarekani Walter Alvarez akaandika pingamizi lililo rahisi kuelewa. Aliona kwamba mtu aliyefunga choo hupata nafuu mara tu akishapata choo, dakika hiyo hiyo, ilhali sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu isingeweza kuondoka haraka namna hiyo. Kisha pamba ikasokomezwa kwenye njia ya haja kubwa ya watu wazima wenye afya, na dalili zile zile zikatokea. Pamba haina sumu. Kilichowasumbua ni utumbo kujaa na mishipa ya fahamu kutekenywa. Kwa hiyo kama ulijisikia mwepesi baada ya kwenda haja, wepesi huo ni wa kweli, ila sababu yake si hiyo uliyoambiwa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi.

Watu wengi hulifikiria ini kama chujio la chai: uchafu unakwama humo, na siku moja lazima likung'utwe. Ini halifanyi kazi hivyo. Ni kiwanda. Lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kila dakika hupitiwa na lita moja na nusu ya damu. Robo tatu ya damu hiyo haitoki moyoni moja kwa moja, inatoka kwenye utumbo kupitia mshipa mmoja mnene. Yaani karibu kila unachokula au kunywa, kikishafyonzwa, hupitishwa kwanza kwenye ini kabla ya kuruhusiwa kuzunguka mwili mzima. Ni kama mgeni anayefikia kwa mjumbe kabla ya kuonana na wengine.

Humo ndani kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vya aina nyingi, na kazi huenda kwa hatua. Hatua ya kwanza hukivunja au kukigeuza kitu kidogo. Hatua ya pili hukifunga na kipande kingine kinachokifanya kiyeyuke kwenye maji, ili kiweze kutoka kwa mkojo au kwa nyongo. Lililo muhimu kulijua ni kwamba hatua ya kwanza wakati mwingine hutoa kitu kibaya kuliko kilichoingia. Chukua parasetamoli, dawa ambayo kila nyumba inayo. Ukimeza kipimo sahihi, sehemu kubwa hufungwa na kutoka bila shida. Sehemu ndogo hugeuzwa kuwa kitu kikali chenye uwezo wa kuua chembe za ini, lakini ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathioni inayokidaka papo hapo. Mtu akimeza vidonge vingi kwa mpigo, akiba inaisha, kile kitu kikali kinabaki huru, na ini linaanza kufa. Hospitalini tuna dawa ya kuirudisha akiba hiyo, na ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo huliokoa ini la karibu kila mtu. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kujiona mzima kabisa.

Nimekusimulia hilo kwa sababu huenda kwenye pakiti yako pameandikwa "huchangamsha ini". Kuchangamsha hatua ya kwanza si lazima iwe heri. Kuna mmea uuzwao kama tiba ya huzuni, St John's wort, ambao kweli kabisa huchangamsha vimeng'enya vya ini. Matokeo yake ini huvunja vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU haraka mno, na dawa hizo zikashindwa kazi. Ini halikuwa limelala.

Kazi nyingine ya ini ni amonia. Unapokula nyama, maharage au chochote chenye protini, nitrojeni yake hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa yurea, kitu kipole ambacho figo hukitoa. Mzunguko huo ulielezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932. Ini likishindwa kabisa, amonia hupanda na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa, mikono inapepesuka, mwisho anazimia. Hivyo ndivyo mtu aliyejaa sumu kweli anavyoonekana. Hana nguvu za kukaa na kusoma maelekezo ya programu ya siku 14.

Pombe pia huishia hapo. Ini la mtu mzima humudu gramu 7 hadi 10 hivi za alkoholi kwa saa, na mwendo huo hauongezwi na kahawa kali, maji baridi wala kutoka jasho. Anayemnywesha mlevi kahawa anapata mlevi aliye macho.

Nyongo yenyewe ni mkondo wa taka. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na rangi inayobaki huchukuliwa na ini na kumwagwa kwenye utumbo kwa nyongo. Rangi hiyo, ikishageuzwa na bakteria wa utumbo, ndiyo inayokipa choo ukahawia wake, na ndugu yake ndiyo hufanya mkojo uwe wa njano. Kwa hiyo choo cha kahawia cha kila siku ni taarifa kutoka kwenye ini kwamba njia iko wazi. Choo kikiwa cheupe kama chaki, mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho yakawa ya manjano, hapo mkondo umeziba au ini linaumwa, na hiyo ni habari ya kwenda hospitali mara moja.

Figo ni mbili, kila moja na vichujio vidogo kama milioni moja. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu. Ukikumbuka kwamba maji hayo mwilini ni lita tatu tu, utaona yamepitishwa mara 60 kati ya leo na kesho. Mkojo hata hivyo ni lita moja na nusu, kwa sababu figo huchuja karibu kila kitu, kisha hukichagua tena na kukirudisha kile unachokihitaji: maji, chumvi, sukari. Kinachoachwa ndicho kinatoka.

Thamani ya kazi hiyo huonekana inapokosekana. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa imekaliwa na Wajerumani, daktari Willem Kolff alitengeneza figo ya bandia kwa utando wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, na mwaka 1945 mama wa miaka 67 akawa wa kwanza kuokolewa nayo. Leo mtu ambaye figo zimekufa hulazwa pembeni ya mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na bado mashine inafanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo mbili nzima. Wengi husema "anasafishwa figo". Kinachosafishwa ni damu, na anasafishwa kwa kuwa figo haziwezi tena. Kama zako zinafanya kazi, huduma hiyo unaipata bure usiku na mchana.

Mapafu hutoa kabonidioksaidi, kiasi cha mililita 200 kila dakika hata ukiwa umekaa, na vijinywele vya njia ya hewa husukuma makohozi na vumbi juu hadi kooni. Ngozi inatoa jasho, na jasho ni maji na chumvi, pamoja na chembe kidogo mno za vitu vingine. Kazi yake ni kukupoza. Sina ugomvi na chumba cha mvuke kwa anayekipenda.

Sitaki hata hivyo uondoke ukidhani mwili hauna mpaka. Kuna vitu unavishindwa. Risasi ikishaingia kwenye damu hupungua kwa nusu baada ya mwezi hivi, lakini ile iliyojificha kwenye mifupa hukaa miaka na miaka. Dioksini, zinazotokana na baadhi ya viwanda na uchomaji wa taka, hujificha kwenye mafuta ya mwili na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu. Kwa risasi na zebaki zipo dawa za hospitali zinazoyakamata madini hayo na kuyatoa kwa mkojo, lakini hutolewa baada ya kipimo kuonyesha kiasi, kwa sababu huweza kubeba pia madini unayoyahitaji. Kwa dioksini hakuna juisi wala unga. Dawa yake ni kutoziingiza: kutochoma plastiki karibu na nyumba, na serikali kubana viwanda.

Hatari ya programu hizi ni kwamba huongeza kazi kwa viungo vile vile vinavyodaiwa kusaidiwa. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kwamba wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye mitishamba, kutoka kliniki moja, walikuwa wakiharibika figo mmoja baada ya mwingine. Mmea mmoja ulikuwa umekosewa na kuwekwa mwingine wa jamii ya Aristolochia. Baadaye waliogundulika walizidi mia moja. Baadhi walipandikizwa figo, baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea, tena wa asili kabisa. Juisi yako ya majani nayo, ikiwa kikombe kimoja kando ya chakula haina neno. Ikiwa ndiyo chakula chenyewe, lita baada ya lita, baadhi ya majani kama spinachi yana asidi ya oksaliki inayoweza kuganda kwenye figo, na wapo wagonjwa walioripotiwa kupoteza figo kwa njia hiyo. Maji yenyewe yakinywewa kwa mashindano hushusha chumvi ya damu na kuvimbisha ubongo.

Na huenda hatua inayofuata utaambiwa unywe mafuta ya zeituni na maji ya limau ili "utoe mawe ya nyongo". Vitatoka kweli vijiwe vya kijani, laini. Mwaka 2005 madaktari walivipima vijiwe kama hivyo na kuandika katika jarida la The Lancet: havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalsiamu, yaani vitu vinavyounda mawe ya nyongo. Vilikuwa sabuni, iliyopikwa tumboni kwa yale mafuta na limau. Mtu aliyetumia fedha zake kujitengenezea sabuni kwa njia ngumu namna hiyo nampa pole.

Unachoweza kulifanyia ini ni kulichunga. Chanjo ya homa ya ini B kama hujachanjwa. Pombe kidogo au isiwepo. Uzito usizidi mno, kwa kuwa mafuta hujaa kwenye ini kimyakimya hata kwa asiyekunywa. Figo huuawa zaidi na vitu viwili visivyouma, shinikizo la damu na kisukari, kisha na tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa kila maumivu, hasa mwili ukiwa umekaukiwa maji. Nyuzinyuzi za mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa hufanya kile unga wako ulichodai: hukamata sehemu ya asidi za nyongo zilizomwagwa na ini na kwenda nazo nje kabla hazijafyonzwa tena. Maganda ya zile mbegu ni nyuzinyuzi pia, na kwa choo kigumu mimi mwenyewe huwaandikia watu. Hila iko kwenye jina walilolibandika.

Bado uchovu wako hatujaugusa, na ndio ulionifanya niandike kwa urefu. Uchovu wa miezi kadhaa kwa mwanamke wa umri wako, mimi nisingeanza kuutafuta kwenye sumu. Ningeuliza hedhi yako ikoje, unalala saa ngapi, una dawa gani unazotumia, moyo wako una msongo gani. Ningepima wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, tezi ya shingo, sukari, na ujauzito. Kwa kuwa umetumia unga usiojulikana, ningeongeza kipimo cha figo kiitwacho kreatinini, vimeng'enya vya ini na mkojo. Ni mrija mmoja au miwili ya damu na kikopo cha mkojo. Tumbo kujaa gesi kunaweza kuwa maziwa usiyoyamudu, choo kigumu, au utumbo mwepesi kukereka, na kila kimoja kina njia yake. Chunusi zipeleke kwa daktari wa ngozi. Zinatibika.

Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, fahamu kwamba unga unaovimba na udongo huweza kuzuia dawa zisifyonzwe vizuri, tena zaidi kama ulivimeza kwa wakati mmoja. Kwa hizi siku tano na wiki moja mbele, jilinde kwa njia nyingine pia. Na pakiti ya unga usiitupe hata kama imeisha. Iweke kwenye mfuko, uende nayo siku ya vipimo, kwa sababu jambo la kwanza atakalotaka kuliona mwenzangu ni orodha ya vilivyomo.